MICHEZO INAYOFUNDISHA WATOTO WETU SHERIA ZA ARDHI



Ukurasa huu umezoea kueleza habari za mishahara, likizo, fidia ya ajali na mikataba. Safari hii tunaeleza habari za darasani. Huenda mwenzetu akauliza: Chama cha wafanyakazi kinahusika vipi na michezo ya watoto?

Tunahusika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni sumu. Wengi wetu tunaishi katika makambi ya mashamba ya chai na miwa, na watoto wetu wanasoma katika shule zilizozungukwa na mashamba hayo hayo. Ni wao wanaocheza kando ya mitaro inayotoka shambani. Ni wao wanaookota madumu matupu ya dawa na kuyafanya vyombo vya kuchotea maji.

Sababu ya pili ni uamuzi. Mwaka 2007 hapa Uganda palikuwa na mpango wa kutoa hekta zipatazo 7,100 za msitu wa Mabira, kati ya hekta 30,000 hivi, ili zikatwe na kulimwa miwa. Watu waliandamana Kampala mwezi wa Aprili mwaka huo, na baadhi walipoteza maisha. Mfanyakazi wa miwa alijikuta katikati. Upande mmoja aliambiwa kwamba miwa zaidi ni kazi zaidi. Upande wa pili aliambiwa kwamba bila msitu hakuna mvua wala chemchemi. Maswali ya namna hiyo yatarudi, na watakaoyajibu ni watoto walio darasani sasa. Mtu asiyejua jinsi viumbe, maji na udongo vinavyotegemeana hatakuwa na jibu lake mwenyewe. Atajibiwa na wengine.

Elimu ya kutegemeana huko huitwa ikolojia. Si elimu ya kuhesabu majina ya wanyama. Ni elimu ya kuuliza: nani anakula nani, nani anamhitaji nani, na kitu kimoja kikiondoka ni kipi kingine kitakachotikisika?

KWA NINI MICHEZO?

Katika shule nyingi somo hili hufundishwa kwa ubao. Mwalimu anaandika: nyasi huliwa na panzi, panzi huliwa na chura, chura huliwa na mwewe. Watoto wananakili, wanakariri, wanafaulu mtihani, kisha wanasahau. Kosa si la mwalimu, maana ana watoto wengi na vitabu vichache. Shida iko katika somo lenyewe. Jani unaweza kulishika mkononi ukalionyesha. Lakini huwezi kushika mkononi hesabu ya swala inayopanda na kushuka kwa miaka kumi, wala sumu inayopita taratibu kutoka kwa mdudu hadi kwa ndege.

Mchezo unaikunja miaka kumi ikawa robo saa. Zaidi ya hayo, unamtia mtoto ndani ya jambo lenyewe. Aliyekuwa swala akakosa maji hahitaji kukariri maana ya ukame, kwa sababu ameukimbia kwa miguu yake.

Njia hii haikuanza jana. Vilabu vya wanyamapori vya wanafunzi vilianza Kenya mwaka 1968, na Uganda mwaka 1975. Mwaka 1977 mataifa yalikutana mjini Tbilisi kuzungumza juu ya elimu ya mazingira, wakakubaliana kwamba mtoto ajifunze kwa kutenda na si kwa kusikiliza tu. Kule Marekani, Joseph Cornell alitoa mwaka 1979 kitabu cha michezo ya watoto juu ya viumbe, na kuanzia mwaka 1983 walimu wa huko walipewa mkusanyo mwingine uitwao Project WILD. Baadhi ya michezo tunayoieleza hapa inatokana na kazi hizo. Sisi tumebadili wanyama na vifaa ili vifanane na mashamba yetu.

Kuna faida nyingine inayohusu makambi yetu hasa. Watoto wetu wanatoka katika makabila mengi. Mmoja anasema Kiacholi nyumbani, mwingine Kilugbara, mwingine Kinyarwanda, mwingine Luganda. Maelezo marefu ya ubaoni huwapita baadhi yao. Mchezo una maneno machache, na anayechelewa lugha anaweza kuwa wa kwanza kuelewa.

MCHEZO WA KWANZA: KAMBA YA UHAI

Vifaa: kamba nyembamba au uzi wa mita 50 hivi, na vipande vya karatasi.

Watoto 20 wasimame katika duara. Kila mmoja apewe jina na alivae kifuani: jua, maji, udongo, muwa, nyasi, panzi, funza wa shina la muwa, siafu, chura, panya, nyoka, bundi, mwewe, nyuki, ua, mchwa, uyoga, mti, popo, mtu. Mwalimu ampe jua ncha ya kamba, kisha aulize: "Nani anahitaji jua?" Muwa akijibu, kamba inapelekwa kwake. "Nani anakula muwa?" Panya, au funza. "Nani anakula panya?" Nyoka, bundi. Kila anayepokea kamba aishike na aseme kwa sauti kwa nini imefika kwake. Baada ya dakika kumi duara lote litakuwa limefumwa kama wavu wa mvuvi.

Sasa mwalimu amwambie nyoka avute kamba yake kidogo. Kila anayesikia mkono wake umevutwa naye avute. Kwa muda mfupi wavu wote utakuwa unacheza. Kisha nyoka aachie kabisa. Kamba inalegea kwa nani? Kwa panya, aliyekuwa akiliwa. Panya wakizidi, nani anaumia? Muwa, na baada ya muwa ni mtu.

Mwalimu asiseme hapo kwamba nyoka wafugwe majumbani. Nyoka anauma, na wakata miwa wanajua hatari yake kuliko mtu yeyote. Somo ni kwamba kila kinachoondolewa kina gharama, na gharama hiyo hulipwa mahali pengine, mara nyingi na mtu ambaye hakuulizwa.

Kwa wakubwa kidogo, mchezo huu uchezwe mara ya pili kwa Ziwa Victoria: jua, mimea midogo ya majini, furu, dagaa, ngege, ndege, mvuvi, mchuuzi, mfanyakazi wa kiwanda cha minofu. Halafu aingizwe mtoto mmoja mkubwa, naye ni sangara. Sangara hakuwa samaki wa ziwa hilo. Aliingizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amezaliana mno, na aina nyingi za furu, zinazokadiriwa kufika 200 au zaidi, zilitoweka. Kila furu akiachia kamba, watoto watauona wavu unavyolegea. Lakini sangara huyo huyo ndiye aliyeleta viwanda vya minofu na ajira ndani yake. Mwalimu asiwafiche watoto upande huo. Awaulize: ni nani aliyepata, ni nani aliyepoteza, na kiwanda kitafanya nini sangara naye akipungua?

MCHEZO WA PILI: SWALA NA RIZIKI

Vifaa: uwanja tu, na ubao au ardhi ya kuandikia.

Chora mistari miwili yenye umbali wa mita 15 hivi. Tuseme darasa lina watoto 40. Kumi wawe swala na wasimame mstari mmoja. Thelathini wawe riziki na wasimame mstari wa pili. Swala anahitaji vitu vitatu: chakula, maji na maficho. Mikono juu ya tumbo ni chakula. Mkono mdomoni ni maji. Mikono juu ya kichwa ni maficho.

Pande zote mbili zigeuziane migongo. Kila swala achague kimoja anachokitafuta, na kila riziki achague ni kitu gani. Mwalimu akipiga filimbi wote wanageuka. Swala anakimbia kumchukua mwenye ishara kama yake, na hairuhusiwi kubadili ishara. Akimpata, anarudi naye upande wa swala, na huyo aliyeletwa anakuwa swala mpya: swala aliyeshiba amezaa. Swala aliyekosa amekufa, na anakwenda upande wa riziki, kwa kuwa mzoga wake umeoza ukawa rutuba ya nyasi. Kila mzunguko ni mwaka mmoja, na kila mwaka idadi ya swala iandikwe.

Tutoe mfano wa jinsi hesabu inavyoweza kwenda. Mwaka wa kwanza swala wote kumi wanapata, kwa hiyo wanakuwa 20, na riziki zinabaki 20. Mwaka wa pili, kati ya swala 20, 14 wanapata na sita wanakosa. Swala wanakuwa 28, riziki 12. Watoto watashangilia kwamba swala wamestawi. Lakini mwaka wa tatu swala 28 wanakimbilia riziki 12. Hata wote wakiwa na bahati, 16 lazima wakose. Tuseme wanaopata ni tisa tu. Swala wanashuka hadi 18, na riziki zinapanda hadi 22. Baada ya hapo wanaanza kuongezeka tena.

Baada ya mizunguko kumi, chora mistari mirefu na mifupi ubaoni kwa kufuata hesabu hizo. Watoto wataona vilima na mabonde. Mwalimu aulize: ni mwaka upi ulionekana mzuri, na ni nini kilichofuata? Hapo mtoto anafahamu kwamba ardhi ina kiwango chake cha kubeba, na kwamba mwaka wa wingi mkubwa unaweza kuwa ndio mlango wa njaa.

Baada ya hapo fanya mzunguko mmoja wa ukame. Waambie riziki kwa siri kwamba mwaka huu hakuna atakayekuwa maji. Swala waliotafuta maji wote wanakufa. Katika mzunguko mwingine, wakataze kuwa maficho: msitu umekatwa. Kisha ongeza chui mmoja. Yeye huwakamata swala wakiwa njiani, na anayekamatwa anakuwa chui. Chui asiyepata windo naye hufa akawa riziki. Watoto walinganishe hesabu za miaka yenye chui na za miaka isiyo na chui.

Wenzetu wa viwanda vya chai wanaweza kuwaeleza watoto mchezo huu kwa njia nyingine. Kiwanda hukausha majani ya chai kwa moto, na moto huo mara nyingi hutokana na kuni za mikaratusi iliyopandwa kwa kazi hiyo. Tanuru nalo lina riziki yake. Kasi ya shoka ikipita kasi ya kupanda, mwaka wa mavuno makubwa ya chai utafuatwa na mwaka wa kukosa kuni, na watu watageukia msitu wa asili. Mtoto aliyecheza swala atalielewa jambo hilo bila mwalimu kulirudia.

MCHEZO WA TATU: GUGU MAJI

Vifaa: chaki au kijiti cha kuchorea chini.

Chora ziwa lenye vyumba 32 ardhini. Watoto wanane wawe samaki na watembee ndani ya ziwa wanavyotaka. Mtoto mmoja asimame katika chumba kimoja: yeye ni gugu maji. Mwalimu apige kofi, na gugu limwite mwenzake kutoka nje. Sasa ni mawili. Kofi la pili, kila gugu linaita lingine, yanakuwa manne. Kisha nane, kisha 16, kisha 32. Samaki hawaruhusiwi kukanyaga chumba chenye gugu.

Kila kofi ni kama majuma mawili, maana gugu maji katika hali nzuri linaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa namna hiyo, hata upungufu wake. Mwalimu asimame baada ya kofi la nne na kuuliza: "Kuna hatari?" Wengine watasema hapana, kwa kuwa nusu ya ziwa bado ni wazi. Apige kofi la tano. Ziwa limekwisha. Nafasi iliyochukuliwa kwa majuma manane imechukuliwa tena yote kwa majuma mawili.

Hili si jambo la kubuni. Gugu maji asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika miaka ya 1990 liliziba gati ya Port Bell, likawafungia wavuvi njia, na kusumbua mitambo ya umeme pale Jinja. Waliongoja nusu ya pili ya ziwa walichelewa.

Kisha waingie watoto wawili, nao ni mbawakavu. Uganda iliachilia wadudu hao ziwani kuanzia katikati ya miaka ya 1990, kwa kuwa wao hula gugu maji. Kila kofi, mbawakavu mmoja anagusa gugu moja, nalo linatoka na kurudi kama mbawakavu. Gugu lililobaki bila kuguswa linaendelea kuita mwenzake. Watoto wataona kwamba mwanzoni mbawakavu ni wachache na hawafui dafu, lakini baadaye wanashika kasi. Magugu yakikaribia kwisha, mbawakavu wanakosa chakula nao wanapungua. Hivyo gugu haliishi moja kwa moja, wala haliachwi kutawala. Ziwani napo gugu lilipungua sana kuanzia mwaka 1998 hivi, kwa kazi ya mbawakavu pamoja na mambo mengine kama hali ya hewa na kuondolewa kwa mashine, na limerudi kwa vipindi tangu hapo.

MCHEZO WA NNE: SAFARI YA SUMU

Huu ndio mchezo tunaoomba kila tawi liuhimize kuliko yote.

Vifaa: punje za mahindi meupe na maharage mekundu, mbili kwa moja, zikichanganywa na kutawanywa uwanjani, na mfuko mdogo wa karatasi kwa kila mtoto.

Katika darasa la watoto 40, watoto 28 wawe panzi, wanane wawe vyura, wanne wawe mwewe. Waambie tu kwamba uwanjani kuna chakula. Panzi waingie kwanza na kukusanya punje kwa nusu dakika. Kisha vyura waingie. Kila chura akamate panzi watatu, achukue mifuko yao, na panzi hao wakae pembeni. Mwisho waingie mwewe. Kila mwewe akamate vyura wawili na kuchukua mifuko yote waliyo nayo.

Sasa mwalimu aeleze: mahindi ni chakula, maharage mekundu ni dawa iliyopulizwa shambani. Kila mmoja ahesabu mekundu yake. Tuseme kila panzi aliokota punje 12, nne zikiwa nyekundu. Chura aliyekula panzi watatu ana nyekundu 12. Mwewe aliyekula vyura wawili ana 24. Wala mwewe hakushuka shambani hata mara moja, wala hakuna aliyempulizia dawa.

Sababu yake ni hii. Chakula kikiingia mwilini hutumika, kikawa nguvu, na taka zake hutoka. Lakini kuna sumu, kama DDT, ambazo haziyeyuki kwa urahisi katika maji. Huyeyuka katika mafuta. Zikiingia mwilini hukaa katika mafuta ya mwili kwa muda mrefu. Kila mlo huongeza kidogo. Mnyama anayekula wanyama wengi hurithi akiba ya sumu ya wote.

Mfano unaojulikana sana ni wa ziwa liitwalo Clear Lake, jimbo la California huko Marekani. Dawa ya jamii ya DDT ilitiwa ziwani mwaka 1949, tena mwaka 1954, tena mwaka 1957, ili kuua visubi waliowasumbua wageni. Dawa ilikuwa kidogo sana: mwaka 1954 ilikuwa sehemu 1 tu kwa sehemu milioni 50 za maji. Lakini vijidudu na vijimea vya majini vilikutwa na sehemu 5 kwa kila milioni. Katika mafuta ya ndege wazamiaji wanaokula samaki, dawa ilifika sehemu 1,600 kwa kila milioni. Hiyo ni mara 80,000 ya ile iliyokuwa majini. Ndege hao, waliokuwa jozi zipatazo 1,000, walibaki jozi 30 hivi kufikia mwaka 1960. Mwandishi Rachel Carson alieleza habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1962, Silent Spring, na dunia ikaanza kuuliza maswali. Baadaye ikajulikana pia kwamba sumu hiyo hufanya maganda ya mayai ya ndege wakubwa wawindaji kuwa membamba, yakavunjika kabla ya kuanguliwa. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliizuia DDT kwa nchi zilizoukubali, isipokuwa kwa kupambana na wadudu waenezao magonjwa, kama mbu wa malaria.

Mwalimu awe mkweli kwa watoto juu ya jambo moja. Dawa nyingi zinazotumika mashambani leo hazikai mwilini kwa miaka kama DDT. Lakini hiyo haina maana kwamba hazina madhara. Nyingi humuumiza mpulizaji mwenyewe, siku ile ile, kwa njia ya ngozi, pua na macho. Kwa hiyo mchezo wa nne ufuatwe na mchezo mdogo wa tano.

MCHEZO WA TANO: VUMBI LA CHAKI

Mtoto mmoja awe mpulizaji dawa. Apakwe vumbi la chaki nyekundu mikononi na begani. Kisha aigize kurudi nyumbani: afungue mlango, asalimiane na mama, ambebe mtoto, avue shati alitupe kitandani, anywe maji kwa kikombe, aketi mkekani. Wenzake waendelee na kazi zao kama kawaida. Baada ya dakika tano wote wajikague. Vumbi litakutwa kikombeni, mkekani, shingoni mwa mtoto, na kwa watu wasiokanyaga shambani kabisa.

Kisha igizo lirudiwe. Safari hii mpulizaji anaoga na kubadili nguo kazini kabla ya kurudi, na nguo za kazi hazichanganywi na za nyumbani. Watoto walinganishe. Wazazi wanaposikia habari hiyo kutoka kwa mtoto wao jioni, huisikia kwa namna nyingine kuliko wakiisoma kwenye tangazo la ukutani.

Mwisho mwalimu aonyeshe picha ya dumu la dawa, yenye alama ya fuvu. Dumu la dawa haliwi chombo cha maji hata likioshwa mara mia. Linapaswa kusuuzwa mara tatu na watu wazima wenye vifaa vya kujikinga, litobolewe, na lirudishwe kwa mwajiri. Mkataba Na. 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, unaohusu usalama na afya katika kilimo, unataka pawepo utaratibu wa kukusanya madumu matupu ya dawa ili yasitumiwe kwa mambo mengine. Unasema pia kwamba kazi ya hatari isifanywe na mtu aliye chini ya miaka 18.

NAMNA YA KUENDESHA MICHEZO HII

Mchezo bila mazungumzo ni kukimbizana tu. Katika kipindi cha dakika 40, nusu iwe ya kucheza na nusu iwe ya kuuliza na kujibu. Tunawashauri walimu na wazazi watakaosaidia wazingatie haya:

1. Maelezo marefu yaje baada ya mchezo, si kabla. Mtoto agundue kwanza, kisha apewe jina la alichokigundua.

2. Watumike viumbe ambao watoto wanawaona. Mwewe wa kambini hufundisha zaidi kuliko dubu wa kitabuni.

3. Kila hesabu iandikwe. Hesabu ndiyo inayoutofautisha ushahidi na maneno matupu.

4. Wasichana na wavulana wabadilishane nafasi. Asiyeweza kukimbia apewe kazi ya kupiga filimbi, kuandika hesabu au kuwa jua. Mtoto "aliyekufa" asichekwe, maana anarudi mchezoni mara moja.

5. Watoto waulizwe mwishoni: mchezo huu umefanana na mambo ya kweli wapi, na haukufanana wapi? Swala halisi hamchagui mwenzake kwa ishara ya mkono, na mzoga hauwi nyasi kwa dakika moja. Mtoto anayejua mipaka ya mfano ameelewa mfano.

KAZI YA MATAWI

Gharama ya michezo yote mitano ni kamba moja, chaki, na kilo chache za mahindi na maharage ambazo, zikishaoshwa, zinaweza kupikwa. Hakuna tawi linaloweza kusema halina fedha za jambo hili.

Tunapendekeza kila tawi lifanye mambo matatu. Kwanza, kamati ya elimu imwone mwalimu mkuu wa shule ya kambi na kumwomba kipindi kimoja kwa juma. Aombwe kwa heshima, maana mwalimu naye ni mfanyakazi mwenzetu na ana mzigo wake. Pili, tawi lichague mpulizaji dawa mmoja, mkata miwa au mchuma chai mmoja, na fundi mmoja wa kiwandani, waende darasani siku ya mchezo wa nne na kujibu maswali ya watoto. Tatu, katibu wa tawi aandike maswali ambayo watoto wameyauliza na hayakupata jibu. Mtoto akiuliza, "Kwa nini madumu yamelala karibu na kisima chetu?", swali hilo si la mwalimu. Ni la kikao cha tawi na mwajiri, na lipelekwe huko pamoja na tarehe.

Hatudai kwamba michezo itasafisha mtaro au kurudisha msitu. Mtaro utasafishwa kwa makubaliano na kwa usimamizi, nasi tutaendelea kuyadai. Lakini makubaliano husimamiwa na watu wanaojua wanasimamia nini. Mtoto aliyewahi kuwa mwewe, akahesabu maharage 24 mekundu mfukoni mwake bila kushuka shambani, hatadanganyika kwa urahisi akiambiwa kwamba dawa ya shambani inaishia shambani.

Matawi yatakayojaribu michezo hii yatuletee taarifa: darasa lilikuwa na watoto wangapi, hesabu zilikwendaje, na viumbe gani walitumiwa. Taarifa zenye mafunzo kwa wengine tutazieleza katika ukurasa huu.